Zawadi ya Mwenye Duka: Ni Hiba au Ni Biashara?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika darsa yetu ya baada ya sala ya Isha aliinuka kijana mmoja katika wanafunzi wetu, mwenye duka la vyakula na manukato hapa mjini, akauliza swali ambalo siku ile tuliliona dogo, na kila tulipolifikiri likazidi kuwa kubwa. Alisema: "Maalim, Ramadhani yakaribia, na kila duka jirani yangu latangaza zawadi. Mmoja atoa vikombe, mwingine atoa kapu la vyakula, wa tatu ameahidi pikipiki kwa atakayebahatika. Nami nataka kutangaza kwamba kila anunuaye kwa shilingi 2,000 atapewa karatasi yenye nambari, na mwisho wa mwezi tutapiga kura, na atakayetokea nitamlipia safari ya Umra. Je, thawabu yangu katika jambo hili ni kubwa kiasi gani? Maana nampeleka Muislamu kwenye Nyumba ya Mwenyezi Mungu."

Angalieni, ndugu zetu wasomaji. Kijana huyu hakuuliza kama jambo lake ni halali au ni haramu. Hilo alikwisha kulipita. Aliuliza kiasi cha thawabu. Nasi tumeona ni wajibu wetu kumjibu kwa kalamu, si kwa ulimi tu, kwa sababu swali lake limo katika kila nyumba ya mji huu. Tazameni majumbani mwetu. Kalenda iliyo ukutani ina jina la duka. Mfuko wa kitambaa tuendao nao Marikiti una jina la kampuni, khasa tangu Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti mwaka 2017. Peni, kikombe, saa ya ukutani, mpaka ile ratiba ya Ramadhani tunayoitazamia wakati wa kufuturu, vyote vimetujia kwa neno moja: bure. Mtu wa mji wetu aweza kukaa siku nzima akitumia vitu ambavyo hakuvinunua. Basi ni haki tuulize: je, ni kweli kwamba hakuvinunua?

Zawadi katika dini yetu ina daraja kubwa. Bwana Mtume s.a.w. ametuamrisha tupeane zawadi ili tupendane, naye mwenyewe alikuwa akiipokea zawadi hata ikiwa kidogo, wala hakuidharau hata kama ni ukwato wa mbuzi. Hiyo ndiyo hiba: mtu kumpa mwenziwe mali yake akiwa hai, kwa radhi yake, pasi na kutaka badali. Mwenye kutoa hivyo ametoa, na malipo yake yako kwa Mola wake.

Lakini iko zawadi ya namna ya pili, nayo ni ile atoayo mtu ili arudishiwe kilicho kikubwa kuliko alichokitoa. Katika Suratu Rum, aya ya 39, Mwenyezi Mungu ametaja kile wanachokitoa watu ili kizidi katika mali za watu wengine, akatubainishia kwamba hakizidi mbele yake. Wafasiri wengi, na miongoni mwao ni Ibn Abbas, Mungu awe radhi naye, wameieleza aya hii kuwa yasema juu ya zawadi inayotolewa kwa kutaraji iliyo bora zaidi. Wakasema: mtu huyo hana dhambi, wala hana thawabu. Na Bwana Mtume mwenyewe, katika Suratul Muddaththir, aya ya 6, alikatazwa asitoe kwa kutaka kuzidishiwa, kwa sababu ya utukufu wa cheo chake. Sisi umma tumeachiwa, lakini hatukuambiwa kwamba ni sadaka.

Na mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi walilitazama jambo hili kwa macho makali zaidi. Imam Nawawi, katika kitabu chake Minhaj ambacho wengi wetu tumekisoma misikitini tangu ujana, ametufundisha kwamba mtu akitoa hiba kwa sharti ya kulipwa badali inayojulikana, basi mkataba huo ni sahihi, lakini wahesabiwa kuwa ni kuuziana. Na badali ikiwa haijulikani, mkataba huo ni batili. Yaani jina la hiba halibadilishi kitu. Umesema, "Nunua hiki nikupe kile". Basi umeuza hiki na kile pamoja.

Haya ndiyo maneno yetu yote katika makala haya, na yatakayofuata ni maelezo yake tu. Zawadi ya mwenye duka ni sehemu ya biashara yake. Haihukumiwi kwa hukumu ya ukarimu bali kwa hukumu ya mizani. Mwenye kuijua hivyo ataitumia kwa haki, nayo itamfaa yeye na mnunuzi wake. Na mwenye kuivika kilemba cha sadaka atawadanganya watu, na kabla ya kuwadanganya watu atakuwa amejidanganya nafsi yake.

Mtu atatuuliza: nitajuaje kama zawadi yangu ni hiba au ni biashara? Jibu lake liko katika kisa mashuhuri walichokipokea Bukhari na Muslim. Bwana Mtume s.a.w. alimtuma mtu wa kabila la Azd aitwaye Ibnul-Lutbiyya kwenda kukusanya zaka. Aliporudi akaigawa mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Bwana Mtume akapanda mimbari akauliza: lau mtu huyo angalikaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, je, zawadi hiyo ingalimfikia? Swali hili, ndugu zetu, ni mizani iliyo tayari kwa kila mtu. Ewe mwenye duka, mama huyu uliyempa kikombe, lau angalipita mbele ya mlango wako na asinunue kitu, ungalimkimbilia kumpa? Ukisema ndiyo, hiyo ni hiba. Ukisema la, hiyo ni bei, na bei ina masharti yake.

Wala isidhaniwe kwamba twaiharimisha. Watu wetu husema mkono mtupu haulambwi, na mfanyabiashara ana haki ya kuwavuta wanunuzi kwa njia njema. Lakini masharti yake ni haya tutakayoyataja.

Sharti la kwanza ni kwamba zawadi itoke mfukoni mwa muuzaji, si mfukoni mwa mnunuzi. Tuseme mafuta ya kupikia yaliuzwa jana kwa shilingi 600. Leo yamefungwa pamoja na kipande cha sabuni cha shilingi 40, pakaandikwa kwamba sabuni ni bure, na bei imekuwa shilingi 650. Hapa sabuni imenunuliwa, tena imenunuliwa ghali. Lau mwenye duka angaliandika, "Mafuta na sabuni, shilingi 650," tusingalikuwa na neno naye, kwani hiyo ni biashara ya wazi na mwenye kutaka atanunua. Uharamu wake umo katika neno moja tu, nalo ni hilo "bure". Watu huliona ni neno la kuchangamsha soko, kumbe ni ghishi. Na yule aliyetia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni Madina akauona umande chini yake, s.a.w., alisema kwamba mwenye kutughushi si katika sisi.

Sharti la pili ni kwamba kinachoahidiwa kijulikane na kiweze kutolewa. Ahadi ni deni, hata ikiwa ni ahadi ya tangazo. Na kwa kuwa watu wa mji wetu hupenda kufuata mitindo ya Ulaya, natuwatazame Wazungu wenyewe yaliyowapata. Mwaka 1992 kampuni ya Hoover huko Uingereza, iliyokuwa mashuhuri kwa mashine za kuvuta vumbi, ilitangaza kwamba mwenye kununua bidhaa yake kwa pauni 100 au zaidi atapewa tikiti mbili za ndege, za kwenda na kurudi, kwanza za nchi za Ulaya na baadaye za Marekani. Ilidhani ya kwamba watu wengi watanunua na wachache watadai. Watu wakakimbilia maduka, wengine wakinunua mashine wasizozihitaji, maana tikiti ilikuwa na thamani kuliko mashine. Kampuni ikashindwa kutimiza, ikapelekwa mahakamani na wanunuzi wake kwa miaka, wakubwa wake wakafukuzwa kazi, na hasara ikafika takriban pauni milioni 50. Mwaka 1995 biashara yake ya Ulaya ikauziwa kampuni nyingine ya Italia. Tazameni vile msingi wake ulivyokuwa: hesabu yao ilisimama juu ya tumaini kwamba wengi hawatadai haki yao. Biashara inayotegemea mnunuzi asahau haki yake haina baraka, na baraka ikiondoka mtaji haukai.

Sharti la tatu, nalo ndilo linalomhusu kijana wetu, ni kwamba zawadi isiwe kamari. Mwenyezi Mungu ameikataza kamari pamoja na ulevi katika Suratul Maida, aya ya 90. Na shina la kamari ni kwamba mtu atoe mali akiwa hajui kama atapata au atakosa, na faida ya mmoja iwe ni hasara ya wenziwe. Natuifanyie hesabu Umra yake. Tuseme safari ni shilingi 180,000, na tuseme watu 900 wamenunua na wamepata nambari. Atakayetokea ni mmoja. Watu 899 watarudi makwao na karatasi. Ikiwa bei ya bidhaa imepandishwa kwa shilingi 200 ili safari ilipike, basi mwenye duka hakumpeleka mtu Makka. Watu 899 ndio waliompeleka mwenzao, kila mmoja kwa shilingi 200, bila kutaka na bila kujua. Hiyo ni kamari iliyovaa ihramu, na mwenye akili hataki kusimama mbele ya Al-Kaaba kwa nauli ya namna hiyo.

Na ikiwa bei haikupandishwa? Hapa maulamaa wa zama zetu wamekhitalifiana, na si uaminifu kuficha khitilafu. Wako waliokataza kabisa, kwa kuwa watu hununua kwa ajili ya nambari. Na wako walioruhusu kwa masharti, kwamba bei ibaki ile ile ya soko na mnunuzi anunue kitu alichokuwa akikihitaji. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Doha mwaka 2003, ilikataza kila karatasi ya mashindano ambayo thamani yake au sehemu ya thamani yake huingia katika zawadi, na ikamruhusu mfanyabiashara kutangaza bidhaa zake kwa mashindano ya halali, kwa sharti kwamba zawadi isitoke kwa washindani na pasiwe na udanganyifu. Hata sheria ya nchi hii ya mwaka 1966 juu ya kamari na bahati nasibu iliyaweka mashindano ya zawadi chini ya leseni na uangalizi, maana watunga sheria nao walijua kwamba jambo hili na kamari ni majirani wa ukuta mmoja.

Tena bahati nasibu ina madhara yake hata pale inapokusudiwa mchezo tu. Mwaka ule ule wa 1992, huko Ufilipino, kampuni ya Pepsi ilichapisha nambari ndani ya vifuniko vya chupa, na baadhi yake zikawa na ahadi ya peso milioni moja. Tarehe 25 Mei ikatangazwa nambari 349. Kwa makosa, nambari hiyo ilikuwa imechapishwa katika mamia ya maelfu ya vifuniko. Masikini walioamka usiku ule wakidhani wametajirika waliambiwa asubuhi kwamba hawana kitu. Ghasia zikazuka, magari yakachomwa, na watu kadhaa wakauawa. Soda ni kitu cha senti chache, walakini tamaa iliyowashwa kwa ajili yake haikuwa ya senti chache.

Sharti la nne ni kwamba zawadi isiwe chambo cha madhara. Mvuvi naye humpa samaki, lakini hakuna samaki aliyemshukuru. Mfano ulio wazi kuliko yote ni maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Kwa miaka mingi kampuni za maziwa hayo zilikuwa zikiwagawia mama wazazi makopo ya bure hospitalini, katika nchi nyingi masikini. Mama alipewa kopo, mtoto akanyonya chupa. Na ameumba Mwenyezi Mungu kifua cha mama kwamba kadiri mtoto anavyonyonya ndivyo maziwa yanavyoshuka, na asiponyonya hupungua. Kopo la bure likamalizika kwa siku chache, maziwa ya mama nayo yamepungua, na kopo la pili halikuwa la bure. Masikini akalizimua kwa maji mengi ili lidumu, na pengine maji yenyewe si safi, mtoto akaingia maradhi ya kuhara. Kwa ajili hiyo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, mwezi wa Mei mwaka 1981, ulipitisha kanuni ya kuzuia mama wasipewe makopo hayo ya zawadi, na Kenya ikatunga sheria yake juu ya jambo hili mwaka 2012. Kina mama wetu wazijue habari hizi. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara, imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na hakuna katika sokoni zote zawadi iliyo mfano wa hiyo.

Sharti la tano ni kwamba zawadi isipewe mtu aliyewekewa amana ya watu wengine. Karani wa hoteli anayenunua samaki kwa ajili ya mwajiri wake, mwalimu anayechagua duka la kushonea sare za wanafunzi, tabibu anayeandika dawa, afisa anayetia muhuri: hawa wakipewa "kitu kidogo" na muuzaji, hawakupewa kwa uzuri wa nyuso zao. Swali la Ibnul-Lutbiyya lawahusu wao kwanza. Khalifa Umar bin Abdulaziz aliikataa zawadi aliyoletewa, akaeleza kwamba zama za Mtume ilikuwa zawadi kweli, na katika zama zake yeye imekuwa rushwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 76, nayo imeamuru kwamba zawadi anayopewa afisa wa dola katika shughuli ya umma ni mali ya Jamhuri. Ni jambo la kusikitisha kwamba sisi tulioisikia hadithi hii tangu utotoni twahitaji kukumbushwa na Katiba.

Na hapa hatuna budi kujitaja sisi wenyewe, maana mwenye kuwanyoshea wengine kidole na asijitazame, mawaidha yake hayana nguvu. Mwaka mmoja, karibu na Ramadhani, mfanyabiashara mmoja alituletea nyumbani kanzu na katoni ya tende. Hakutuomba kitu. Tukapokea, tukamwombea dua. Baada ya Idi akatujia mama mmoja mjane, akitaka tumsemee. Alikuwa amenunua katika duka la bwana yule unga uliofungwa pamoja na kikombe cha zawadi. Alipoufungua ukawa na wadudu, na alipourudisha, kijana wa dukani akamwambia kwamba bidhaa yenye zawadi hairudishwi. Tukamwambia, "Subiri mama, tutazungumza naye." Zikapita wiki tatu. Kila tukipita mbele ya duka lile twasalimiwa vizuri, nasi twaitikia vizuri, na maneno hayatoki. Mama yule muda huo wote alikuwa akikopa unga kwa jirani yake.

Tulipokwenda mwisho, bwana yule alitusikiliza mpaka tukamaliza, akaagiza mama apelekewe unga mwingine saa ile ile, kisha akasema: "Maalim, mbona hamkuniambia mapema? Mimi sikuwapa kanzu ili mnyamaze." Naye alikuwa mkweli. Hakutuomba tunyamaze, bali sisi ndio tulionyamaza, na lau si kanzu tungalikwenda siku ya kwanza. Tangu siku hiyo tumefahamu kwamba nguvu ya zawadi haimo katika maneno ya mtoaji. Imo katika haya ya mpokeaji. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, na kilicholiwa kwetu kilikuwa ulimi, ambao ndio amana ya mwenye kusomesha watu.

Basi mtu atasema: masharti yenu ni mengi, mmetufungia mlango, na majirani zetu wanauza. Twasema, la. Masharti haya ndiyo yanayoifanya zawadi ifae biashara, na tutaeleza.

Zawadi ni shahidi wa duka. Mwenye kutoa kikombe kinachovuja amewatangazia watu kwamba kwake huuzwa vinavyovuja. Liko jambo lililotokea Chicago, katika Marekani, lenye mazingatio. Mwaka 1891 mtu aitwaye William Wrigley alikuwa akiuza sabuni, akawa anatoa hamira ya unga kuwa ni zawadi. Watu wakaipenda hamira kuliko sabuni, akaacha sabuni akauza hamira, na zawadi yake ikawa ubani wa kutafuna. Watu wakaupenda ubani kuliko hamira, akaacha hamira akauza ubani, na huo ndio uliomtajirisha. Zawadi yake ilifaa kwa kuwa ilikuwa kitu kizuri chenyewe, hata watu wakawa tayari kukinunua. Basi kipimo cha zawadi njema ni hiki: lau ingaliuzwa, je, kuna mtu angaliinunua? Ikiwa la, usimpe Muislamu mwenzio takataka ukamdai shukrani.

Tena zawadi ndogo ya kila mtu ni bora kuliko kubwa ya mtu mmoja. Ratiba ya Ramadhani ni karatasi ya shilingi chache, lakini hutazamwa kila siku kwa mwezi mzima, na nyumba nzima hulisoma jina la duka wakati wa furaha. Mfuko wa kitambaa hutumika mwaka. Ila twawaomba wachapishaji wasiandike aya za Qur'ani juu ya mifuko na karatasi zitakazotupwa jaani, kwani huko si kuitukuza Qur'ani.

Na iliyo bora kuliko zote ni zawadi tuliyorithi kwa wazee wetu, nayo ni nyongeza. Muuza njugu hupima, kisha huongeza ukufi mmoja. Muuza kitambaa hupima, kisha huachia shibiri. Hii ni Sunna, ijapokuwa wengi hawaijui. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi kwamba Bwana Mtume s.a.w., aliponunua vazi sokoni, alimwamrisha mpimaji apime na azidishe mizani. Nyongeza haina tangazo, haina nambari, haina sherehe ya kupiga picha. Kila mnunuzi huipata, masikini kwa tajiri, na kila mmoja huiona kwa macho yake. Na mwenye kuongeza baada ya kupima hawezi kuwa aliyepunja katika kupima. Ama yule atoaye peni kwa mkono wa kulia na kuipunguza kilo kwa mkono wa kushoto, ameisoma Suratul Mutaffifin wala hakuisikia.

Tukamjibu kijana wetu hivi: "Mwanangu, thawabu uliyoiuliza haimo katika kura. Ukitaka thawabu ya Umra, mchague mzee wa mtaani asiye na uwezo, umlipie kimya kimya, na asinunue kitu kwako. Na ukitaka biashara, zichukue zile shilingi 180,000 uzigawe kwa wale watu 900. Kila mmoja ana shilingi 200. Mpe kila anunuaye kwa shilingi 2,000 pakiti ya tende nzuri ya thamani hiyo, usipandishe bei, na uandike mlangoni idadi ya pakiti ulizonazo, ili zikimalizika watu wajue zimemalizika."

Akanyamaza, kisha akasema: "Maalim, tende haivumi kama Umra. Watu watakwenda kwenye pikipiki."

Hatukumficha. Tukamwambia kwamba yawezekana. Hatukupewa elimu ya kujua nani atauza zaidi Ramadhani hii, wala hatukumwahidi kwamba mwenye haki hupata faida kubwa kila mwezi. Tulilolijua tulimwambia: mtu aliyekuja kwa pikipiki atakwenda kwa gari, pale duka la tatu litakapoahidi gari. Na mtu aliyekuja kwa mizani iliyotimia hana mahali pengine pa kwenda ila penye mizani mfano wa hiyo, na hapo si pengi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Siku ya pili akaja na hesabu yake. Ameagiza pakiti 900. Akatuomba jambo moja, kwamba tulitaje jina la duka lake katika gazeti hili, naye atalipia karatasi ya toleo hili lote. Tukamshukuru, tukakataa. Si kwamba ameomba la haramu, bali tumewakumbuka kanzu na yule mama. Kesho mtu akija kumlalamikia, twataka tuwe na miguu ya kwenda siku hiyo hiyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe chumo la halali, na zawadi zisizo na deni ndani yake, na ndimi zisizonunulika. Wabillahi tawfiq.